Kuzeeka na Kuzeeshwa kwa Tarakilishi: Programu za Kisasa katika Mashine Kongwe za Naivasha

Utangulizi

"Kuzeeka" ni kitenzi sielekezi. Mtu huzeeka, mwembe huzeeka, na hakuna mtendaji anayetafutwa. Kitenzi hicho kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha hupatikana "kuzeesha", na katika kauli ya kutendeshwa hupatikana "kuzeeshwa". Hapo swali jipya huzuka: kitu hicho kimezeeshwa na nani, na kwa njia gani? Makala haya yanadhamiria kulitumia swali hilo kueleza ugumu wa kuendesha programu za kisasa katika tarakilishi kongwe zenye uwezo mdogo.

Mazingira yanayorejelewa ni Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Naivasha ni mji wa mashamba ya maua, wa mvuke wa Olkaria na wa barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru. Wakazi wengi wa mitaa kama Karagita na Kihoto hawana tarakilishi nyumbani. Wanapotafuta huduma ya serikali inayopatikana mtandaoni, huenda saiba. Walimu na wanafunzi nao hutegemea maabara za shule, ambamo aghalabu hupatikana mashine zilizokwisha kutumiwa na wengine. Kwa watu hao, tarakilishi kongwe ni chombo cha kazi cha kila siku. Ikikwama, yupo anayechelewa kuwasilisha alama za wanafunzi wake, na yupo anayetozwa faini.

Ni vyema istilahi chache zifafanuliwe mapema. "Tarakilishi" imetumiwa hapa kwa maana ileile ya "kompyuta". "Maunzi" ni sehemu zake zinazoshikika, na "programu" ni maagizo yanayoziendesha sehemu hizo. "Mfumo wa uendeshaji" ni programu kuu inayozisimamia programu nyingine zote, kama vile Windows au Linux. "Kivinjari" ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao.

Umri wa mashine na umri wa kazi

Tarakilishi haichakai kama kiatu. Feni yake hulegea, diski yake yaweza kuharibika na betri yake huisha nguvu, lakini kitovu chake cha uchakataji hakipungui kasi kwa kutumiwa. Mashine iliyoandika barua kwa wepesi mwaka 2003 ingeweza kuiandika barua hiyohiyo leo kwa wepesi uleule, mradi iwe na programu zilezile za 2003. Kinachobadilika ni kazi inayopewa.

Mfano wa mifumo ya kampuni ya Microsoft unatosha kulithibitisha jambo hili. Windows XP, iliyotolewa Oktoba 2001, ilihitaji angalau megabaiti 64 za kumbukumbu, ingawa 128 ndizo zilizopendekezwa. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inahitaji angalau gigabaiti 4, yaani megabaiti 4,096. Katika muda wa miaka 20, kiwango cha chini kabisa kimeongezeka mara 64. Nafasi ya diski iliyohitajika na XP ilikuwa takriban gigabaiti 1.5, Windows 11 inahitaji 64. Hata hivyo, insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili haijaongezeka mara 64 katika muda huo, wala barua ya kuomba kazi haijarefuka kiasi hicho.

Kwa hiyo ukongwe wa tarakilishi ni uhusiano baina ya mashine na matarajio. Mashine moja yaweza kuwa kijana mbele ya kazi fulani na kizee mbele ya kazi nyingine. Anayesema kwamba tarakilishi za shule fulani "ni nzee" hajasema jambo kamili mpaka aongeze: kwa kazi ipi?

Meza na ghala

Ili kuelewa jinsi mashine inavyolemewa, ni lazima kutofautisha aina mbili za hifadhi. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu. Hii ni kama meza ya mwandishi: kinachoshughulikiwa kwa wakati huo huwekwa juu yake, na umeme ukizimika vyote hupotea. Ya pili ni diski kuu, ambayo ni kama ghala: ina nafasi kubwa, huhifadhi vitu hata umeme ukizimika, lakini kuvifikia huchukua muda.

Programu zikizidi ukubwa wa meza, mfumo wa uendeshaji haukati tamaa. Huchukua baadhi ya vitu vilivyo mezani ukavipeleka ghalani kwa muda, kisha hulazimika kuvirudisha vinapohitajika. Kwa mtazamaji, hali hii hujidhihirisha kwa taa ya diski kuwaka mfululizo, kipanya kuganda na herufi kuchelewa kuonekana baada ya kubofywa.

Tofauti ya kasi kati ya meza na ghala ni kubwa mno. Ramu hujibu kwa muda unaokaribia sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake hulazimika kusogea mpaka mahali panapofaa, huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Uwiano wake ni kama 1 kwa 100,000. Iwapo kuchukua kitabu mezani kungemgharimu mwandishi sekunde moja, kukitoa ghalani kungemgharimu sekunde 100,000, yaani zaidi ya siku nzima. Hii ndiyo sababu mashine iliyopungukiwa na kumbukumbu kidogo tu huonekana kupoteza kasi yote. Haifanyi kazi polepole; inashinda njiani kati ya meza na ghala.

Mpaka mwingine ni wa kimaumbile. Mashine nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa za biti 32. Anwani ya biti 32 haiwezi kutaja zaidi ya mahali 4,294,967,296, na hicho ndicho chanzo cha kikomo cha gigabaiti 4 za kumbukumbu. Watengenezaji wengi wa programu wameshahamia biti 64. Hata Debian, mfumo huria uliosifika kwa kuzitunza mashine za zamani, uliacha kutoa toleo la kawaida la kusakinishwa katika mashine za biti 32 ulipotoa toleo lake la 13 mwezi Agosti 2025.

Kwa nini programu hunenepa

Mnamo 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa kampuni ya Intel, aliona kwamba idadi ya vijenzi vinavyoweza kuwekwa katika kipande kimoja cha silikoni ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 aliirekebisha kauli yake ikawa kila miaka miwili. Miaka 20 baadaye, yaani 1995, Niklaus Wirth, mtaalamu wa Uswisi aliyeibuni lugha ya programu iitwayo Pascal, alitoa hoja iliyoikamilisha ya Moore: programu hupungua kasi upesi zaidi kuliko maunzi yanavyoongezeka kasi. Kwa maneno mengine, faida yote inayoletwa na mashine mpya humezwa na programu mpya.

Sababu za unene huu ni kadhaa. Kwanza, mtengenezaji wa programu hufanya kazi kwa mashine yenye nguvu. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; anayeijaribu programu yake katika mashine ya gigabaiti 32 hausikii uzito utakaomwelemea mwenye gigabaiti moja. Pili, programu za siku hizi hujengwa juu ya tabaka za programu nyingine zilizokwisha kuandikwa. Njia hii huokoa muda wa mtengenezaji, lakini gharama yake hulipwa na mtumiaji, kwa kuwa tabaka zote hupakiwa hata kama ni sehemu ndogo tu inayotumika. Tatu, mahitaji ya usalama yameongezeka. Kivinjari cha leo hutenga kurasa zake katika vyumba mbalimbali ili ukurasa mmoja mwovu usiusome mwingine, na kila chumba hudai nafasi yake ya kumbukumbu. Nne, ipo sababu ya kibiashara: mfumo mpya huuza mashine mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Si haki basi kudai kwamba unene wote ni ubadhirifu. Sehemu yake ni kinga ya kweli. Kinachostahili kukosolewa ni kwamba anayeongeza uzito na anayeubeba ni watu wawili tofauti, na mara nyingi wako katika nchi mbili tofauti.

Njia ya mashine hadi Naivasha

Mashine nyingi zinazotumika katika shule za umma nchini Kenya zina historia ya maisha mawili. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijishughulisha na kukusanya tarakilishi zilizokwisha kutumiwa maofisini, kuzikarabati na kuzisambazia shule. Kwa upande wa soko, maduka ya mijini huuza vipakatalishi vilivyotoka katika ofisi za Ulaya, vinavyojulikana mitaani kama "ex-UK". Mashine ya namna hii hufika ikiwa imekwisha kutumika kwa miaka mitatu, minne au zaidi. Maisha yake ya pili huanza wakati kampuni iliyotengeneza mfumo wake inapokaribia kuacha kuuhudumia.

Tarehe za kukoma kwa huduma hiyo zinajulikana. Windows 98 ilifikia mwisho Julai 2006, Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa kwa huu wa mwisho nyongeza ya muda ilitolewa kwa wanaojiandikisha. Tarehe hii ya mwisho ina uzito wa pekee. Windows 11 haidai kumbukumbu na diski peke yake. Inadai pia kijenzi maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kitovu cha kizazi cha nane au cha baadaye, yaani kilichoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Kipakatalishi cha mwaka 2015 chenye gigabaiti 8 za kumbukumbu kinatosha kabisa kwa kazi za shule, lakini hakimo katika orodha rasmi. Hapa kitenzi "kuzeeshwa" kinapata maana yake kamili: mashine haijapungukiwa na nguvu, imetangazwa kuwa kizee.

Mlango wa mtandao

Karibu na Naivasha, chini ya mlima Longonot, kipo kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilichoanza kazi mwaka 1970 na kuiunganisha Kenya na ulimwengu kwa simu. Mpaka mwaka 2009 mawasiliano ya kimataifa ya intaneti nchini yalitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa. Katika kipindi hicho kikwazo cha mtumiaji kilikuwa njia: ukurasa ulichelewa kufika, na tarakilishi ilikaa ikiusubiri. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Njia ikapanuka, kurasa zikanenepa kwa kuifuata, na kikwazo kikahama. Siku hizi ukurasa hufika upesi katika saiba ya Naivasha, na ni tarakilishi inayoshindwa kuufungua.

Kushindwa huko kuna aina mbili. Ya kwanza ni ile ya uzito iliyokwisha kuelezwa. Ya pili ni ya lugha ya siri. Kivinjari na tovuti huzungumza kwa kanuni za usimbaji ziitwazo TLS ili mtu wa kati asidukue siri zao. Kanuni za toleo la 1.2 zilichapishwa mwaka 2008. Internet Explorer 8, kivinjari cha mwisho cha Microsoft kilichoweza kutumika katika Windows XP, hakiwezi kuvuka toleo la 1.0. Kufikia 2020 vivinjari vikuu vilikwisha kuyaacha matoleo ya 1.0 na 1.1, na tovuti nyingi zikayafungia mlango. Chrome nayo iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2016, na Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Mashine yenye kivinjari cha kale hugonga mlango kwa salamu isiyojulikana tena, na hajibiwi aliyekaa mbele yake.

Kuna chanzo kingine, kidogo kwa umbo, kinachowasumbua wengi bila kutambuliwa. Ndani ya tarakilishi ya mezani mna betri ya duara, ya aina ya CR2032, inayoitunza saa ya mashine wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikifa, mashine huamka kila asubuhi ikidhani kwamba ni mwaka wa kutengenezwa kwake. Vyeti vya usalama vya tovuti huwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini kuwa huu ni mwaka 2002 hukiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kazi, na hukataa kufungua tovuti yoyote iliyo salama. Mtumiaji hudhani kwamba intaneti imekatika au kwamba mashine imekufa. Tiba yake ni betri ya bei ndogo na kurekebisha tarehe.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kila mwezi Juni. Huduma za serikali ya Kenya zimehamia mtandaoni, zikiwemo zile za eCitizen tangu 2014 na mfumo wa kodi wa iTax. Mfanyakazi wa shamba la maua aliye na nambari ya kodi hutakiwa kuwasilisha taarifa ya mapato yake kufikia tarehe 30 Juni, na anayechelewa huweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Anayefanya kazi mchana kutwa huenda saiba jioni. Mashine ikichukua nusu saa kufungua ukurasa, foleni hurefuka, mhudumu hupoteza wateja, na aliye mwisho wa foleni hurudi nyumbani bila kuhudumiwa. Faini hiyo ni zao la upungufu wa megabaiti kadhaa za kumbukumbu, ingawa hakuna stakabadhi itakayoieleza hivyo.

Kiswahili ndani ya mashine kongwe

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu maalumu ya kulifuatilia suala hili. Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za juu wala za chini; hata ng' huhitaji kiritifaa tu, ambacho kipo katika kila kibodi. Hakuna tarakilishi ya mezani iliyoletwa Naivasha, hata iwe kongwe vipi, isiyoweza kuiandika lugha hii. Zipo lugha nyingi duniani zisizo na bahati hiyo, kwa kuwa hati zake zilihitaji fonti na mifumo iliyokuja baadaye.

Aidha, matini yenyewe ni nyepesi. Chukua utenzi wenye beti 1,000. Kila ubeti una mishororo minne na kila mshororo mizani minane, hivyo utenzi mzima una mizani 32,000. Silabi nyingi za Kiswahili zina herufi mbili. Zikijumlishwa na nafasi baina ya maneno na miisho ya mishororo, utenzi huo ukihifadhiwa kama matini tupu haufiki baiti 100,000. Diski laini ya kale ya megabaiti 1.44 ingeweza kubeba tenzi zaidi ya kumi za ukubwa huo. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo haiwezi kuingia katika diski hiyo. Ni bayana kwamba kinachoilemea mashine ya mwanafunzi wa fasihi ni vyombo vinavyobeba maneno, wala si maneno.

Baadhi ya uzito huo ni wa kiitikadi pia. Anayeandika tasnifu ya Kiswahili katika programu ya kuandikia iliyowekewa Kiingereza huona kurasa zake zikijaa mistari myekundu. Programu hulikagua kila neno, hulikosa katika kamusi yake na kulitia alama ya kosa. Matini ikirefuka, Microsoft Word hukiri kwamba makosa yamezidi mno kiasi cha kutoweza kuonyeshwa. Lugha nzima imehesabiwa kuwa kosa, na mashine dhaifu imepoteza nguvu zake katika kuyahesabu makosa hayo. Kuzima ukaguzi huo kunaipunguzia mashine kazi na kumpa mwandishi utulivu. Lililo bora zaidi ni kuupa ukaguzi huo kamusi ya Kiswahili. Kamusi ya aina hii ipo, inatumika katika OpenOffice na LibreOffice, na miongoni mwa waliofanikisha utayarishaji wake ni Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru.

Juhudi hizo zina historia yake. Mwaka 2004 mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Katikati ya muongo huo Microsoft nayo ilitoa violesura vya Kiswahili vya Office na Windows. Tofauti baina ya njia hizi mbili ilidhihirika baadaye. Kiolesura kilichofungamanishwa na toleo moja la Windows kilipoteza makao toleo hilo lilipoachwa. Kazi iliyofanywa katika programu huria iliweza kuendelezwa na wengine, na LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, ingali inaweza kuwekewa Kiswahili. Tafsiri ya istilahi ni kazi ya miaka. Ni muhimu kwa wanaoifanya kujua kama itaishi zaidi ya mashine iliyobuniwa kwa ajili yake.

Namna ya kuihudumia mashine kongwe

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: ni kuifungua mashine na kuisafisha. Udongo wa Naivasha una asili ya majivu ya volkeno, na vumbi lake ni jepesi na laini. Vumbi hilo huziba feni. Kitovu kikipata joto kupita kiasi, hujipunguzia kasi ili kisiungue. Mashine iliyodhaniwa kuwa imezeeka huenda imekosa hewa tu.

Hatua ya pili ni kupanua meza. Kuongeza ramu mpaka kikomo ambacho ubao mkuu wa mashine unaruhusu huleta tofauti kubwa. Palipo na uwezo, diski ya kuzunguka ibadilishwe na diski ya SSD, ambayo haina kichwa cha kusogezwa. Mashine nyingi zilizotengenezwa baada ya katikati ya miaka ya 2000 zina kiungo cha SATA kinachoipokea diski hiyo.

Hatua ya tatu ni kuchagua mfumo mwepesi. Ubuntu, mfumo wa Linux uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, una jina ambalo msomi wa Kiswahili hulitambua mara moja, kwa kuwa lina shina moja na neno "utu". Hata hivyo, Ubuntu ya kawaida ya siku hizi ni nzito kwa mashine kongwe. Yapo matoleo yaliyobuniwa mahususi kwa ajili ya mashine dhaifu, kama Lubuntu, antiX na Puppy Linux, ambayo ilianza mwaka 2003 na inaweza kupakiwa yote katika ramu kutoka kwenye diski ya flashi.

Hatua ya nne inazifaa shule. Mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999, huwezesha mashine moja yenye nguvu kufanya kazi kwa niaba ya nyingi zilizo dhaifu. Tarakilishi kongwe hubakia na jukumu la kuonyesha picha na kupokea maandishi, na kazi nyingine hufanywa na mashine kuu. Shule yenye mashine 15 za zamani haihitaji kununua 15 mpya; yaweza kununua moja nzuri na nyaya za kuziunganisha. Hatari yake ni kwamba mashine kuu ikiharibika, darasa zima husimama, na kwa hiyo fundi wa kuitunza ni wa lazima.

Mipaka ya uzee

Itakuwa kosa kudai kwamba kila mashine kongwe yafaa kuokolewa. Mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama haufai kwa shughuli za benki, kodi au siri za watu. Saiba inayoingiza nywila za wateja katika Windows XP inawahatarisha, hata ikiwa inafanya hivyo kwa nia njema. Mashine ya namna hiyo yafaa kuondolewa mtandaoni na kupewa kazi ya kuandika au kufundishia, au kuwekewa mfumo mwingine unaohudumiwa.

Gharama ya umeme nayo si ndogo. Tarakilishi ya mezani ya mwanzo wa miaka ya 2000, pamoja na kiwambo chake kizito cha kioo, yaweza kutumia wati 150 au zaidi. Mashine 15 za aina hiyo hutumia wati 2,250, yaani uniti 2.25 kwa kila saa. Olkaria imezalisha umeme tangu 1981, lakini ujirani huo hauipunguzii shule ya Naivasha bili yake. Vipakatalishi hutumia sehemu ndogo ya kiasi hicho, na betri zake huokoa kazi pindi umeme unapokatika.

Mwishowe huja taka. Kioo cha viwambo vya kale kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Msaada wa mashine zisizofaa tena ni njia ya nchi tajiri kuhamishia taka zake kwa wengine chini ya jina la hisani. Kwa sababu hii mpokeaji ana haki ya kuuliza kabla ya kupokea: ina kumbukumbu kiasi gani, ni ya biti ngapi, mfumo wake utahudumiwa mpaka lini, na ikifa itapelekwa wapi?

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ugumu wa kuendesha programu za kisasa katika tarakilishi kongwe una vyanzo vinavyojulikana: kumbukumbu ndogo inayoilazimu mashine kushinda njiani kati ya meza na ghala, kanuni za usalama ambazo mifumo ya kale haizijui, na tarehe za kukoma kwa huduma zinazopangwa mbali na watumiaji. Yameonyesha pia kwamba mengi ya matatizo hayo yana tiba, na kwamba Kiswahili, kwa wepesi wa hati yake na kwa kazi iliyokwisha kufanywa Dar es Salaam na Njoro, kina nafasi katika mashine hizo.

Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga waliasa. Kabla maabara ya shule haijatupwa, yafaa aitwe fundi aitazame mashine moja baada ya nyingine. Nao wanafunzi wa Kiswahili wenye ujuzi mdogo wa tarakilishi wana jukumu lililo ndani ya uwezo wao: kuweka kamusi ya tahajia ya Kiswahili katika mashine za chuo na za shule walizosomea, na kuhifadhi tasnifu na tungo zao katika miundo huria ambayo mashine ya kale na ya kesho zitaweza kuifungua.